Aliyechangia Sarafu Naye Apewe Hesabu

Kuna swali ambalo wanunuzi tumelizoea kiasi kwamba tunalijibu kabla halijaisha. Bidhaa zimeshapita kwenye mashine, jumla imeonekana, na keshia anauliza kama tungependa kuongeza kidogo kwa ajili ya kituo cha watoto, wagonjwa au kikundi fulani cha mtaani. Wengine husema ndiyo, wengine hapana, foleni inasogea. Mimi husema ndiyo kila ninapoweza, na naamini utaratibu huu ni mwema. Lakini kuna deni linaloachwa pale kaunta kila siku, na wanaodaiwa ni maduka pamoja na mashirika yanayopokea fedha hizo. Anayetoa kidogo haambiwi kidogo chake kilifanya nini.

Na mtu asidhani ni fedha za kupuuzwa. Mwaka 2022 nchini Marekani, kampeni 77 za kuchangisha wateja wakati wa kulipa, tena tukihesabu zile tu zilizovuka dola milioni 1 kila moja, zilikusanya jumla ya dola milioni 749. Nchini Uingereza shirika la Pennies limekuwa likiifanya kazi hiyo tangu mwaka 2010 kupitia mashine za kadi: mteja anabonyeza kitufe, senti chache zinaongezeka juu ya bili yake, basi. Fedha zote hizo hazikutoka kwenye harambee wala kwa tajiri aliyeitwa mbele kushangiliwa. Zilitolewa na watu waliokuwa na mifuko mkononi na haraka ya kurudi nyumbani.

Sasa mtazame mfadhili mkubwa. Akitoa, anaandikiwa barua, anatumiwa ripoti, anaalikwa kuja kuukagua mradi, na jina lake linabandikwa ukutani. Ripoti ikichelewa anapiga simu, na simu yake inapokelewa. Aliyeongeza senti kwenye bili yake anaambulia mstari mmoja wa shukrani chini ya risiti, na wino wa risiti zile tunaujua ulivyo. Hapo ndipo ninapokataa. Niliwahi kusimama nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitoa bidhaa kwenye kikapu chake moja baada ya nyingine ili hesabu ilingane na fedha alizokuja nazo. Keshia hakumuuliza habari za mchango, nadhani kwa kumhurumia. Mama akaisoma mwenyewe karatasi iliyobandikwa kando ya mashine, akaisukuma chenji yake kuelekea kwenye boksi: “Hizi ziende kwa watoto, mwanangu.” Ukipima kwa kipato chake, mama yule alitoa zaidi ya kampuni nyingi zinazopigwa picha zikikabidhi hundi. Kwa nini basi kampuni ipelekewe ripoti na yeye asipewe hata neno?

Nimekaa kwenye kamati ya kikundi kidogo cha hisani na nimeshiriki kufungua maboksi ya namna hiyo, kwa hiyo najua hesabu zipo. Kufuli hufunguliwa mbele ya mtu wa duka na watu wawili wa kikundi. Fedha zinamwagwa mezani, sarafu zinapangwa mafungu kwa thamani yake, mmoja anahesabu, mwingine anarudia, kisha wote watatu wanatia saini kwenye daftari. Humo ndani hutoka pia vifungo vya shati, risiti zilizokunjwakunjwa, na mara mojamoja noti iliyokunjwa ikawa ndogo kama kucha, ya mtu aliyetaka kutoa bila kuonekana. Ni kazi ya kuchosha na vidole hubaki vinanuka chuma. Lakini kazi ikiisha, takwimu zote ziko wazi kwenye ukurasa mmoja: kiasi gani, kutoka duka gani, tarehe ngapi. Ukurasa huo unafungiwa kabatini, na waliozitoa fedha wanapita nje ya dirisha bila kuuona.

Kuna jambo lingine nililojifunza pale mezani, nalo ndilo linalonifanya niutetee mchango huu hata kwa wanaouona wa kitoto. Fedha za kaunta kwa kawaida haziji na masharti mengi. Mfadhili anajenga jengo lakini hagusi bili ya umeme wa jengo hilo. Ananunua gari, ila tairi zikiisha si bajeti yake. Anagharamia semina, halafu mtu anayefagia ukumbi hajulikani atalipwa na nani. Mashirika madogo hufa kwa vitu hivi, na kwa vikundi vingi sarafu za wapitaji ndizo zinazoziba matundu hayo. Mweka hazina yeyote wa kikundi kidogo atakuthibitishia.

Ndiyo maana naungana na wanaotaka fedha hizi zibaki jirani na duka zilikotoka. Mashirika makubwa yana wahasibu na wakaguzi, sikatai, na yako maradhi na majanga ambayo kikundi cha mtaani hakiyawezi. Ila kituo kilicho umbali wa kutembea kwa miguu, mchangiaji anaweza kupita akaona kama paa limezibwa. Maduka ya Waitrose ya Uingereza yalianza mwaka 2008 utaratibu ninaoupenda: mteja akilipa alikuwa akipewa kidude kidogo cha plastiki cha kijani, akakitumbukiza kwenye mojawapo ya visanduku vitatu, kila kimoja cha kikundi cha eneo lile, na duka likagawa fedha zake lenyewe kulingana na vilivyorundikana. Mteja hakutoa hata senti, lakini alisimama, akasoma majina, akachagua. Alijua kikundi fulani kipo na kinafanya nini. Ujuzi huo peke yake ni msaada.

Wachumi Andreoni, Rao na Trachtman walichapisha mwaka 2017 utafiti waliofanya kwenye duka moja kubwa la vyakula lenye milango miwili, wakati wa kampeni ya Jeshi la Wokovu. Wachangishaji walipotamka ombi kwa mdomo badala ya kupiga kengele tu, michango iliongezeka kwa zaidi ya nusu. Wakati huohuo, karibu theluthi moja ya wapitaji waliwakwepa. Nisingewaita waliokwepa wachoyo. Kwa maoni yangu, mtu anayeombwa kila siku bila kurudishiwa jibu huanza kuchoka, kisha kuona aibu, kisha kumkasirikia keshia ambaye hana kosa lolote. Keshia ameambiwa aulize, na anauliza haraka, macho kwenye mashine, kwa sababu naye hana la kumjibu mteja akimuuliza zile za mwezi uliopita zilikwenda wapi.

Pengo hilo la majibu ndilo linalojazwa na uvumi. Uliovuma zaidi unasema duka linatumia mchango wako kupunguziwa kodi. Nchini Marekani sheria hairuhusu hivyo: fedha aliyoongeza mteja kwenye bili si mapato ya duka, duka ni mpitishaji tu, na mwenye haki ya kuidai kwenye hesabu za kodi ni mteja mwenyewe aliyetunza risiti. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo kuuliza ni haki yako. Lakini uvumi huu ungekosa pa kushika kama kila duka lingesema wazi, bila kungoja kuulizwa.

Ninachokitaka hakigharimu zaidi ya karatasi moja na gundi. Mchango ukishakabidhiwa, pale pale kaunta kwenye picha ya watoto wanaotabasamu ibandikwe taarifa fupi: tulikusanya kiasi hiki, tulimkabidhi fulani tarehe fulani, amekifanyia jambo hili. Kama zimelipa umeme, iandikwe umeme. Kama fedha hazijatumika bado, nayo iandikwe. Meneja akisema hana muda wa kuandika, mweka hazina wa kikundi anao, tena anayo daftari lenye saini tatu. Na keshia asiwekewe lengo la kufikia kwa siku, wala asilazimishwe kumrudia mtu aliyesema hapana. Kikundi kikishindwa kuleta taarifa, kisipewe boksi jipya hadi kilete, hata kama kazi yake ni nzuri na viongozi wake tunawafahamu.