Mwamba Uliohamia Ethiopia

Jipiesi (GPS), kile kifaa cha kuonyesha njia baharini, ya kikundi chetu cha uvuvi hapa Tanga haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa ikitupeleka kwenye miamba yetu na kuturudisha kwenye soko la samaki la Deep Sea bila manung'uniko, na aibu yake pekee ilikuwa kwamba programu yake ni ya zamani, jambo ambalo samaki hawakuwahi kulilalamikia. Mweka hazina wetu, ambaye hapandi chombo kwa sababu ya kichefuchefu, alisoma mahali fulani kwamba programu isiyosasishwa ni hatari kwa maisha ya mabaharia, akaipeleka kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Fundi akaisasisha, akapokea ujira wake, akairudisha huku akijisifu kwamba sasa imekuwa mpya kama siku iliyotoka kiwandani. Alisema kweli tupu, kwa maana ilikuwa imesahau kila kitu, kuanzia majina ya miamba hadi upande wa dunia inaoishi.

Mjomba wangu, ambaye ndiye nahodha na ndiye aliyeniingiza chomboni niwe karani, baharia na mtu wa kulaumiwa, aliiwasha asubuhi tukiwa bado ufukweni, akakuta menyu zote ni za Kijerumani.

"Mjerumani alitolewa hapa Tanga mwaka 1916," akasema, "leo karudi kwa njia ya betri."

Kwa bahati alikuwapo pale sokoni kijana anayewatembeza watalii katika Mapango ya Amboni, ambaye Kijerumani chake kilitosha kututoa katika lugha hiyo na kutupeleka katika Kiingereza. Hapo ndipo tulipoiona saa. Ilisoma 3:40, yaani saa tisa na dakika arobaini za usiku, ilhali jua lilikuwa limeshachomoza na wakaanga samaki wanagombania vibua. Nilimweleza mjomba kwamba jipiesi imerudi kwenye saa ya dunia, na kwamba saa yetu ya Afrika Mashariki huitangulia kwa saa tatu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama fundi naye alilipwa kwa saa ya dunia.

Kutafuta setilaiti nako kulichukua muda, kwa sababu kumbukumbu ya mahali zilipo ilikuwa imefutwa, na baharia mmoja alikuwa ameiweka jipiesi chini ya paa la bati, akitaraji imsikie mtu aliye umbali wa kilomita 20,200 juu ya ardhi. Tulipoitoa nje ikapata setilaiti nne, ambazo ndizo kima cha chini cha kujua mahali ulipo, ikatuweka barabara pale tulipokuwa tumesimama. Nikaiamuru itupeleke kwenye mwamba wetu wa changu, ambao jina lake silitaji kwa kuwa baadhi ya wasomaji nao wana mishipi.

Mshale ukazunguka, ukaipa bahari kisogo, ukaelekea kaskazini kwenye nchi kavu. Chini yake iliandikwa zaidi ya kilomita 1,100. Niliifuata ile mistari kwenye ramani ndogo ya kioo: Kenya yote tukaimaliza, Moyale tukaiacha nyuma, na mwamba wetu ukaonekana umetulia kusini mwa Ethiopia.

"Ethiopia haina pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993," alisema mjomba, ambaye redio haimpiti. "Changu wamefuata nini huko?"

"Labda kahawa," akajibu baharia wetu mkubwa.

Chanzo kilijulikana upesi. Fundi, baada ya kufuta miamba yote, alikuwa ameiandika upya kutoka katika daftari letu, na aliandika tarakimu tupu. Jipiesi iliyozaliwa upya hudhani kwamba kila mtu anaishi kaskazini ya ikweta, hivyo ikaweka N pale panapostahili S, nasi wenye latitudo ya nyuzi tano kusini tukahamishiwa nyuzi tano kaskazini. Nikabadilisha herufi, mshale ukageuka mashariki, ukaitazama bahari. Sasa umbali ulikuwa kilomita 29. Nikasema namba imekuwa kubwa kwa sababu kipimo nacho kimegeuka, kwani zamani ilitupa maili za baharini na sasa inatupa kilomita.

"Maili saba za baharini ni kilomita kumi na tatu, mpwa wangu," akasema mjomba. "Nilikuwa naijua hesabu hiyo kabla mama yako hajaposwa. Hizo kumi na sita za ziada zimetoka wapi?"

Kabla sijajibu, mweka hazina alituhubiria kutoka ufukweni kwamba pesa za kikundi zimeshalipwa, na kwamba kifaa kipya kina maarifa kuliko mazoea ya wazee. Mjomba alitabasamu. Wanaomfahamu hawalipendi tabasamu lile.

"Vyema," akasema. "Leo tutaifuata kama maamuma na imamu. Asiikosoe mtu."

Tukatoka. Upande wetu wa kaskazini tuliziona ngalawa mbili zimetia nanga juu ya mwamba wetu, watu wake wanavuta mishipi kwa raha zao, na mjomba akawapungia mkono kwa adabu bila kuugusa usukani. Nilifungua mdomo, akanikumbusha kwamba hakuna kukosoa. Mawimbi ya kusi yakawa makubwa, milima ya Usambara ikazidi kuwa mifupi nyuma yetu, na baharia wa kahawa akaanza kutapika. Hatimaye, katikati kabisa ya mkondo wa Pemba, jipiesi ilitoa mlio wa furaha na kutangaza kwamba tumefika.

Mjomba akazima mashine. Akafungua tenga, akatoa bildi yake, kipande cha risasi chenye tundu chini, akalipaka tundu hilo shahamu ili linase mchanga au matope ya chini, akaishusha huku akihesabu mafundo ya kamba kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka. Pima arobaini zikaisha. Akaunga kamba ya nanga, nayo ikaisha. Mkondo ule una kina cha mamia ya mita, naye alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini alitaka ushahidi. Alipoivuta juu akatuonyesha ile shahamu mmoja baada ya mwingine, haina hata punje ya mchanga.

"Mwamba mzuri," akasema. "Laini."

Nililifungua daftari nikalilinganisha na kioo, kisanduku kwa kisanduku. Daftari lilisema latitudo ni 5.0450, na kioo kilisema nyuzi 5 na dakika 04.50. Longitudo kwenye daftari ilikuwa 39.2250, na kwenye kioo ilikuwa nyuzi 39 na dakika 22.50. (Tarakimu nimezichezea kidogo, mwenye mshipi asijisumbue.) Kumbe zamani jipiesi ilikuwa ikiandika nyuzi kwa desimali, na sasisho likairudisha kwenye nyuzi na dakika. Uzi mmoja una dakika sitini, si mia, kwa hiyo 5.0450 ni nyuzi 5 na dakika 2.70, na 39.2250 ni nyuzi 39 na dakika 13.50. Fundi aliona tarakimu zake zinaenea vizuri kwenye visanduku akaridhika, na kwa namna hiyo mwamba ukasogea zaidi ya kilomita tatu kusini na kama kilomita kumi na sita mashariki. Nilirejesha desimali nikiwa nimeshikilia mlingoti kwa mkono mmoja, nikaandika upya kila kitu, tukageuza chombo.

Tuliporudi karibu na mwamba, ngalawa zilikuwa zimeshaondoka na shehena yao. Jipiesi ikalia tena kwamba tumefika. Mjomba akautazama mnara wa taa wa Ulenge, akaulinganisha na mlima wake wa siku zote, akatikisa kichwa.

"Bado. Kusini, na mashariki kidogo. Kama mita mia mbili na hamsini, mia tatu."

Baharia wa kahawa, ambaye sasa alikuwa na nguvu za kusema, aliwashutumu Wamarekani kwamba wanaipotosha ishara kwa makusudi. Nikamjibu kwamba upotoshaji huo waliuacha Mei 2000. Kisha nikaingia kwenye menyu ya mwisho, ile ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu huigusa, nikakuta jipiesi imewekwa kwenye kipimo cha dunia cha WGS 84, yaani msingi ambao nyuzi zote huhesabiwa juu yake. Mwenyewe wa kwanza, mpima ardhi aliyetuuzia, alikuwa ameiweka kwenye Arc 1960, kipimo cha ramani za zamani za Afrika Mashariki, na miamba yetu yote iliandikwa daftarini kwa kipimo hicho. Nyuzi zilezile, zikisomwa kwa kipimo kingine, huangukia mahali pengine. Nilipokirudisha na kuziandika upya nyuzi za mwamba kutoka daftarini, mshale ulitikisika, ukageuka kusini na mashariki kidogo, ukasimama sambamba na kidole cha mjomba, ambacho alikuwa hajakishusha.

"Sasa imepata adabu," akasema, na bildi ikagota mwambani.

Tulipata changu wachache, waliobakizwa na ngalawa. Jioni, kwenye kikao, mweka hazina aliuliza petroli yote ile imekwenda wapi. Mimi nilipendekeza iandikwe "matengenezo ya programu," lakini mjomba akashikilia kwamba iandikwe "nauli ya Ethiopia, kwenda na kurudi." Mweka hazina akadai risiti. Mjomba akaiweka ile risasi ya bildi, ikiwa bado na shahamu, juu ya daftari la hesabu, na petroli ikaidhinishwa katika kikao hichohicho.