Nyambizi Yetu Ilipopata Mabaharia

Mdogo wangu Ipyana anafanya kazi bandarini Dar, na kila akija likizo zawadi zake lazima zihusu maji. Aliwahi kutuletea maboya ya kuogelea. Sisi tunakaa Uyole, Mbeya, ambako maji ya kuogelea ni ya kwenye ndoo, tena uyachemshe kwanza usije ukagandia bafuni. Safari hii akaja na boksi bapa, zito, akamkabidhi mwanangu Lusajo. Nyambizi ya mbao ya kuunga mwenyewe. Ikikamilika, urefu sentimita 70.

"Ataichezea wapi?" nikauliza.

"Dada, hii si ya kuchezea. Ni ya kujifunzia."

Kesho yake akapanda basi, akatuachia somo.

Lusajo ana miaka kumi na miwili na subira ya dakika kumi, kwa hiyo mnajua ile kazi iliishia kwa nani. Lakini niseme ukweli, hakuna mtu Uyole nzima aliyefaa kuliko mimi. Mimi ni fundi cherehani. Suti nayo huanza ikiwa vipande bapa mezani: mbele kulia, mbele kushoto, mgongo, kola, mikono. Ndani ya lile boksi mlikuwa na mabapa ya plaiwudi ya milimita 3, vipande vimeshakatwa kwa mwanga wa leza na kupewa namba, vimebakizwa kidogo tu kwenye bapa ili visidondoke njiani. Unasukuma kwa kidole gumba, tak, kimetoka. Leza haikati kama msumeno, inaunguza, ndiyo maana kingo zote zilikuwa nyeusi na boksi zima linanuka moshi. Mama mwenye nyumba alipita, akanusa, akasimama.

"Mama Lusajo, ndugu yako kakuuzia mbao zilizonusurika na moto?"

Kilichoninasa mimi ni ngozi ya ile nyambizi. Kuna uti wa mgongo mmoja mrefu, halafu mbavu za duara, kubwa katikati, ndogo kuelekea kwenye ncha. Juu ya mbavu unavalisha plaiwudi. Sasa plaiwudi utaipindaje ikatii duara? Wameikata mikato midogo midogo inayopishana, mstari kwa mstari, na mbao ngumu kabisa inakubali kujikunja bila kuvunjika. Nilikaa naikunja na kuikunjua, cherehani imesimama, mteja ananiangalia mimi na mimi naangalia mbao.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa jirani yetu, mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, mzaliwa wa Kyela. Kila jioni anakuja na kigoda chake. Hakuna aliyemwita.

"Nyambizi ya mbao," akasema siku ya kwanza, "mlishaiona wapi?"

Lusajo alikuwa na kile kijitabu cha maelezo, akamsomea. Mholanzi Cornelis Drebbel, mwaka 1620, alitengeneza chombo cha mbao akakifunika kwa ngozi iliyopakwa mafuta, wapiga makasia wakakipitisha chini ya maji ya mto Thames pale London. Halafu ile Turtle ya Marekani, nayo ya mbao, ndani mtu mmoja tu anazungusha kwa mikono. Mwaka 1776 ikatumwa bandari ya New York kwenda kuibandika bomu meli ya Waingereza kwa chini. Skurubu ya kushikizia bomu ikakataa kuingia kwenye meli, jamaa akarudi.

"Hakutanguliza tundu," mzee akakata shauri. "Skurubu huwezi kuisukuma tu hivihivi. Na hii ya sasa hivi inazamaje?"

"Ina matangi, babu. Wanaruhusu maji yaingie, inakuwa nzito, inashuka. Wakitaka kupanda, wanayasukuma maji nje kwa hewa iliyobanwa."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo kuna mtu anaamka asubuhi, anakunywa chai, anamuaga mke wake, anakwenda kazini kuzamisha chombo makusudi?"

"Kwa mpango, babu."

"Huku kwetu vyombo vya majini huharibikia nchi kavu," akasema. Hapo tukajua inakuja ile hadithi ya ziwa, na ikaja. Agosti 1914, vita ya Wazungu imeanza. Ziwa Nyasa lina meli ya Waingereza, Gwendolen, na ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, na manahodha wake ni marafiki, wanakunywa pamoja. Gwendolen inafika Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, inaikuta ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikaishushia makombora hapohapo. Nahodha Mjerumani akarukia mashua, akaja kwa hasira kumuuliza mwenzake kama amelewa. Alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. Akakamatwa.

"Nchi kavu!" mzee akarudia, akituangalia mimi na nyambizi yangu.

Tukafika kwenye mashine. Upande wa nyuma kuna pangaboi, na tumboni kuna meno ya mbao yanayolizungusha ukikoroga kimkono fulani pembeni. Meno yalikuwa makavu, yanakwaruzana. Kwenye kijitabu wamechora mshumaa na mshale: paka nta. Mshumaa ndani hatukuwa nao. Lakini fundi wa suti hakosi nta. Uzi wa vifungo ukiupitisha kwenye nta ya nyuki haukatiki ovyo wala haujisokoti, na mimi nilikuwa na bonge zuri nililonunua kwa baba mmoja wa Chunya anayeuza asali sokoni. Nikaipasha kidogo jikoni, nikapaka meno, nikapaka ekseli, na kwa kuwa ilikuwa inanukia vizuri nikapaka na mbavu kwa ndani.

Ikabaki gundi kukauka. Gundi nyeupe ya mbao na baridi ya Uyole havielewani. Nikaitoa nyambizi nje, nikailaza juu ya kichanja cha vyombo ipate jua, kifuniko cha mnara, kile kichwa cha kuingilia kilichosimama juu yake, bado hakijapachikwa. Miparachichi ya mama mwenye nyumba ilikuwa imechanua kila tawi.

Baada ya siku chache Lusajo akaja dukani. "Mama, nyambizi ina abiria."

Nikachungulia. Nyuki wachache walikuwa wanaingia kwenye mnara, wanatembeatembea, wanatoka, wanaizunguka nje kama wapangaji wanaokagua chumba. Nikawafukuza kwa taulo la vyombo, nikarudi kwenye kazi. Nilikuwa na suti nyeusi ya mwalimu wa kwaya, ya kuvaliwa Jumapili kwenye uzinduzi wa kanda yao, na ilikuwa Jumamosi.

Mwalimu wa kwaya ni mtu mkubwa. Besi yake ikishuka, vioo vya dirisha vinaitikia. Saa sita mchana alikuwa amesimama kibarazani kwangu kwenye mwanga, mikono ameitandaza, nami nimeshamzungushia pini: mbavuni, mgongoni, kwenye mikono, kwenye pindo la suruali. Ukiwa umevaa nguo ya pini unatakiwa upumue kwa adabu.

Ndipo tukasikia ule mlio. Nikadhani umeme umerudi kwenye mashine ya kusaga. Halafu ua mzima ukaingia kivuli kinachozunguka, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa anaanua dagaa, akapiga yowe: "Tata gwe! Nyuki!"

Mzee wa reli akasimama kwenye kigoda chake akatoa amri. "Msikimbie! Laleni chini! Laleni kifudifudi!"

Mama mwenye nyumba akalala juu ya dagaa. Lusajo akalala. Mimi nikalala na chaki yangu mdomoni. Na mwalimu wa kwaya, mwenye kilo zake mia na ushee, akajitupa kifudifudi sakafuni na suti ya pini.

Besi niliyoijua miaka yote ikapanda moja kwa moja hadi soprano.

"Nimeumwa! Mama Lusajo, nimeumwa kifuani!"

"Usitikisike, mwalimu!"

Akageuka ubavu. "Wananiuma ubavuni!" Akageuka chali. "Mgongoni! Wameingia ndani ya koti!" Kila alipogeuka kuwakimbia, akawakuta wengine wanamsubiri. Nilikuwa nataka kumwambia, lakini nilikuwa na chaki, halafu nikashikwa na kicheko, na mtu anayecheka amelala kifudifudi huku anaogopa kufungua mdomo hatoi neno la maana. Akaanza kusali. Alitubu mambo mawili ya hela za kwaya ambayo sitayaandika hapa.

Nilipoinua kichwa, nyuki walikuwa hata hawatuangalii. Walikuwa wamefunika nyambizi nzima, wanaingia kwenye mnara kwa foleni, bila kusukumana. Stendi ya Kabwe wangejifunza kitu. Baada ya muda kidogo wakabaki wachache mlangoni, wanapepea mabawa.

Tukamwita yule baba wa asali. Akaja jua likizama, akainama, akasikiliza ubavuni mwa nyambizi, akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunipa siku za kununua nta.

"Mama, nani kakufundisha kutega?"

"Kutega nini?"

"Sisi mzinga mpya tunaupitishia moto ndani, tunaupaka nta, tunaacha tundu dogo, tunautundika. Wewe umefanya vyote. Tena umeweka na vijiti vya kujengea masega." Alikuwa anazionyesha mbavu zangu.

"Ni nyambizi," Lusajo akasema.

"Sawa, mwanangu. Ni mzinga mzuri sana."

Mwalimu wa kwaya akaonyesha mgongo wake. Yule baba akaukagua kwa tochi ya simu, taratibu, akitafuta miiba. Akachomoa pini. Akachomoa nyingine. "Nyuki wanaohama wameshiba asali," akasema. "Hawana mtoto wala nyumba ya kulinda. Mara nyingi hawana shida na mtu. Hizi ni za dukani."

Mwalimu hakukubali. Mpaka leo hakubali.

Ukaja mjadala wa mali. Yule baba anasema nyuki wamefuata nta yake. Mimi nasema wameingia kwenye chombo cha mwanangu. Mama mwenye nyumba, dagaa bado zimemganda kwenye kitenge, akasema wamehamia kwenye kiwanja chake bila kumuona, kwa hiyo ni wapangaji, na mpangaji hulipa kodi, tena ya miezi sita mbele. Tukaafikiana: yule baba awachukue, mama mwenye nyumba apate lita ya asali ikipatikana, mimi nirudishiwe nyambizi. Mzee wa reli hakudai kitu. Alikuwa amekunja mikono, anarudia peke yake, "Nchi kavu. Nilisema."

Nyuki huhamishwa usiku, wote wakiwa wamerudi ndani. Saa tatu yule baba akaziba mnara kwa kitambaa cha bitana nilichompa, akaivingirisha nyambizi kwenye gunia, akapanda nayo bodaboda ameikumbatia. Dereva akauliza amebeba nini kinachonguruma hivyo. Akajibiwa ni nyambizi. Akawasha pikipiki bila kuuliza tena, na sijawahi kuona bodaboda ikiendeshwa polepole vile hapa mjini.

Bado vumbi halijatua, Ipyana akapiga simu ya video. Lusajo akaidaka.

"Mjomba, imeondoka."

"Imezama?"

"Hapana, imepanda bodaboda. Inakwenda Chunya."

Ipyana akakaa kimya. Chunya anaijua. "Na nani? Ina nahodha?"

"Ina malkia."

"Mpe mama yako simu," akasema.

Haijarudi. Yule baba anasema wameshashikiza masega kwenye mbavu, akiwatoa sasa atawaharibia, tusubiri. Nikipita kwenye meza yake sokoni ananipa nta bure ili nisiulize.

Suti niliimaliza usiku uleule. Nikatoa pini, nikapitisha sumaku juu na chini, nje na ndani, nikapiga pasi. Lakini mtu mwenye kilo mia akigaagaa juu ya pini, nyingine huhamia kusikojulikana, na moja ilikuwa imejipenyeza kati ya bitana na kitambaa, chini ya kwapa la kulia, mahali ambapo sumaku yangu ndogo haikufika.

Jumapili kanisa limejaa. Habari za nyuki zilishaenea tangu jana. Mwalimu mwenyewe alishawasimulia wanakwaya wote jinsi alivyoshambuliwa na jinsi kulala chini kulivyookoa maisha yake. Wimbo ukaenda vizuri. Ukafika ubeti wa mwisho, pale ambapo kiongozi anainua mkono wa kulia juu kabisa ili sauti zote ziingie kwa pamoja. Akauinua.

"Nyuki!"

Soprano walikuwa wa kwanza kwenda chini, na majoho yao. Wakafuata alto. Tenori na besi wakaangukiana kwa nyuma. Kwenye viti vya mbele mzee wa reli alishasimama, mkono hewani, "Msikimbie! Kifudifudi!" na waumini, ambao hawana mazoea ya kubishana na mstaafu, wakatii benchi baada ya benchi. Akabaki mpiga kinanda, aliyekuwa ametupa mgongo na vipokea sauti viko masikioni. Akapiga kiitikio mpaka mwisho, akaona hakuna anayeimba, akakirudia kwa sauti ya juu zaidi.