"Join" si kujiunga tu

Kila nikiingia kwenye kikao cha mtandaoni nakutana na kitufe kinachosema "Jiunge na mkutano". Nimekibonyeza mara nyingi hadi nikawa sikioni tena, lakini juzi kikanikera. Kujiunga? Mtu hujiunga na chama, hujiunga na jeshi, hujiunga na chuo. Mkutano wa dakika arobaini mtu anaingia, anasikiliza, anatoka. Aliyetafsiri kitufe kile aliliona neno la Kiingereza "join", akakumbuka alichokaririshwa darasani, akaandika. Simlaumu sana, maana na mimi nilikaririshwa hivyo hivyo: "join" ni kuunganisha, au kujiunga. Basi, tukafunga madaftari.

Kwa maoni yangu kitenzi hiki hakieleweki kwa kukariri tafsiri. Kinaeleweka ukijiuliza swali moja: nani kasogea, na kamfuata nani?

Kwenye vitu hakuna taabu. Mabomba mawili, mbao mbili, ncha mbili za kamba: fundi kavisogeza vyote, kingo zikagusana, na hapo "join" ni kuunga au kuunganisha bila ubishi. Kugusana huko ndiko kunakoitofautisha na "connect". Reli inaunganisha miji miwili iliyo mbali, na Kiingereza kitasema "connect", kwa sababu miji yenyewe imebaki palepale na kati yao kuna kitu. Sisi tunasema unganisha kwa yote mawili, kwa hiyo mwanafunzi wetu huona ni maneno pacha. Kisha hata kwa vitu, si kila mara unganisha inafaa. Nile Nyeupe na Nile ya Buluu zikifika Khartoum, Mwingereza atasema "join". Kwa Kiswahili mito inakutana. Ukisema imeunganishwa, msikilizaji ataanza kumtafuta mhandisi.

Mambo yananoga tukifika kwa watu. Hapo "join" mara nyingi ina maana kwamba kuna kundi, safari au shughuli iliyokwisha kuwapo, na mtu mmoja anaikuta. Kiingereza kinaridhika na neno moja; Kiswahili kinataka kujua anakuta nini. Akikuta foleni, anapanga foleni. Akikuta wenzake wametangulia, anawafuata au anawakuta mbele. Aliyefanya "join" katika kampuni mwaka 2015 alianza kazi mwaka huo, au aliajiriwa. Anayeomba "join me in thanking" anasema tumshukuru kwa pamoja. Na anayesimama kando ya meza yenu akauliza "May I join you?" anaomba kukaa nanyi, wala hatafuti uanachama.

Kinachonichekesha zaidi ni habari za viongozi. Kiingereza kinaandika kwamba mheshimiwa alikuwa "joined by his wife", na tafsiri inatoka "mheshimiwa aliungana na mkewe". Msomaji anabaki kujiuliza walitengana lini. Alifuatana na mkewe, ama alikuwa pamoja naye, na habari imekwisha.

Tukigeuza upande, sisi nasi tunakiumiza Kiingereza. Kujiunga kwetu kunadai "na": nimejiunga na klabu. Basi mwanafunzi anaipeleka ile "na" ng'ambo na kuandika "I joined with the club" au "joined to the club". Kiingereza hakitaki kitu katikati hapo: "I joined the club". "Join to" ipo, ila ni ya vitu, kipande hiki kwenye kile. "Join with" nayo ipo, na maana yake ni kushirikiana na wengine katika jambo. "Join in" ni kushiriki yanayoendelea, kama wimbo au mchezo. "Join up", hasa kwa Waingereza, ni kuingia jeshini. Viambishi vyetu vinafanya kazi kama hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, unga, ungana, unganisha, jiunga, na sijui kwa nini walimu hawaanzii hapo, kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili tayari ana hisia ya tofauti hizo mdomoni.

Kosa jingine ni la wakati, na hili limenitesa hadi ukubwani. Kiambishi -me- kinabeba tendo na hali iliyobaki baada yake. Nikisema nimejiunga, umeelewa kwamba hadi sasa nimo. Kwa mazoea hayo tunaandika "I have joined the club for three years", na Mwingereza anakunja uso, maana kwake "join" ni tendo la mara moja, kama kuvuka mlango. Huwezi kuvuka mlango kwa miaka mitatu. Atasema "I have been a member for three years", au "I joined three years ago".

Historia ya neno nayo ina utamu wake. "Join" limeingia Kiingereza kutoka Kifaransa, nacho kililirithi kutoka Kilatini "jungere". Ukizidi kurudi nyuma unalikuta lina undugu na "yoke", yaani nira, na "yoga" ya Kisanskriti. Picha ya zamani, basi, ni wanyama wawili waliofungwa nira shingoni, wakivuta mzigo mmoja. Ninaiona picha hiyo katika Mathayo 19:6, ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "joined together" na ya Kiswahili inasema "aliowaunganisha Mungu". Hapo, kwa mara moja, tafsiri niliyokaririshwa imekaa sawasawa: wawili, na aliyewaleta pamoja ni mwingine.

Ila lugha haiendi upande mmoja. Kuunga kwetu kuna mambo ambayo "join" haiyafikii. Mfupa uliovunjika unaunga wenyewe, wala Mwingereza hatumii "join" kwa hilo. Kiungo cha mwili, kama goti, Kiingereza nacho hukiita "joint", lakini kwetu kiungo ni mchezaji wa katikati ya uwanja pia. Halafu kuna kuunga mkono. Nikiwa kidato cha pili niliandika insha ya mdahalo kwa Kiingereza, nikajaa ujasiri, nikaifungua kwa kumwambia mwenyekiti "I join the hand of the first speaker". Mwalimu aliizungushia kalamu nyekundu na pembeni akaandika swali moja: "Mkono upi, wa kulia au wa kushoto?"