Tumkataze panya au tumbane muuzaji?

Tarehe 9 Aprili 2003, shehena ya wanyama wadogo wapatao 800 kutoka Ghana iliingia Texas, Marekani, kwa ajili ya kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Humo mlikuwa na panya buku, kindi na nungunungu. Baadhi yao walifika kwa muuzaji wa Illinois, wakawekwa jirani na kindi wa ardhini wa huko huko Marekani. Wiki chache baadaye watu wakaanza kutoka malengelenge. Ilikuwa mpox (ndui ya nyani), mlipuko wake wa kwanza kwa binadamu nje ya Afrika: wagonjwa 47 katika majimbo sita, hakufa mtu. Juni mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuingiza wanyama wa jamii ya panya kutoka Afrika, na katazo hilo lipo mpaka leo.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Panya hubeba kirusi huku amenawiri, manyoya yanang'aa. Mkaguzi wa mpakani hana cha kumshuku. Tena karatasi zenyewe zilikuwa ovyo: kati ya wanyama 762 wa jamii ya panya waliotoka Ghana, 178 hawakujulikana walikoishia baada ya Texas.

Lakini wagonjwa wale waliambukizwa na kindi wa Marekani, si na panya buku. Kosa lilifanyika bandani, pale wageni wa porini walipochanganywa na wenyeji. Na mwaka 2005, huko huko Marekani, hamsta wa dukani, mnyama mdogo wa kufuga wa jamii ya panya, alimwambukiza mtu kirusi kiitwacho LCMV. Mtu huyo alipofariki kwa sababu nyingine, viungo vyake wakapewa wagonjwa wanne, watatu wakafa. Katazo la wanyama wa Afrika lingemzuiaje hamsta huyo?

Morogoro, panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), wanashikwa na wakufunzi kila siku, wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu na kutuzwa ndizi iliyopondwa. Wamezaliwa kituoni, na makohozi huchemshwa kwanza kuua vimelea. Wanyama ni wa jamii ileile iliyotiliwa shaka Illinois. Tofauti ni utaratibu.

Sebuleni, hata hivyo, hakuna mkufunzi. Mtoto humbusu hamsta kisha akatia vidole mdomoni, na salmonela, bakteria wa kuharisha, haihitaji zaidi ya hapo. Mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 isifuge panya wala hamsta, ushauri ninaouunga mkono bila kusita. (Homa ya mgunda nayo hutokana na mkojo wa panya, tena wengi wao hatujawanunua.)

Kwa hiyo mnyama aliyekamatwa porini ningemwacha chini ya marufuku. Aliyezaliwa kizuizini auzwe, ila kwa karatasi inayomtaja mzalishaji wake, na duka linalochanganya spishi kwenye banda moja lifungwe. Wauzaji watasema bei itapanda. Ipande.