Nani Aliomba Kuboreshewa?

Nani kawaambia tunataka kuboreshewa? Mwenye jibu anitafute hapa Kirumba, Mwanza, fremu yangu ya stesheneri iko barabara ya kushukia soko la Mwaloni, ukiona harufu ya dagaa imezidi ujue umeshanipita. Kompyuta ilikuwa nzima. Imezeeka, ndiyo, nani hajazeeka, lakini nzima: inachapa barua, inachapa CV za vijana, inachapa ratiba za send-off, jioni inanipigia na rhumba kidogo. Usiku mimi nimelala yenyewe ikaamka ikajiapdeti. Asubuhi nawasha, inanipokea na picha ya mlima wenye theluji, nikasema mmh, leo tumeamkia Ulaya. Nikafungua barua ya mteja, nikaandika herufi tatu. Kimya.

Na ingeganda kwa adabu ningeelewa. Hii imeganda huku mshale wa mausi unatembea! Unazunguka skrini nzima, unasimama juu ya kila kitufe, hakuna anayeitika, kama mjumbe wa nyumba kumi anayepiga hodi kwenye mtaa wa watu waliohama. Rhumba inaendelea kupiga. Saa ya pale kwenye kona imesimama saa 4:42 na wala haina wasiwasi. Nikizima kwa kushikilia kitufe cha pawa, inawaka vizuri, inanichekea, inaniacha nifanye kazi robo saa nzima nijisahau, halafu mteja akifika tu mlangoni, hiyooo.

Ushauri sikuukosa. Tanzania hii unaweza kukosa maji, ushauri hukosi. Muuza vocha wa hapo nje kasema nii-restati. Mama ntilie kasema nii-restati. Bodaboda mmoja, hata hajashuka kwenye pikipiki, hajui tatizo ni nini, kapunguza mwendo kaniambia "i-restati hiyo" akapotea zake. Mwingine akaniuliza kama nimejaribu kutoa betri. Deskitopu. Betri. Nikamwambia asante.

Fundi nilimwita, kijana smati, kaja na begi. Akafungua boksi, ndani kukawa na wadudu wa ziwani waliokauka, wale wanaopanda wingu zima jioni moja ukifungua mdomo umeshakula. Akapuliza. Akachomoa RAM, kile kijibao cha kumbukumbu ya muda, akaisugua na ufutio wa penseli, ndiyo, ule wa watoto wa shule, na msicheke, hiyo ni dawa kweli, miguu ya RAM ikishika kutu huwa inasumbua. Akairudisha, akawasha, akatazama skrini kwa muda mrefu, akaniambia kwa huzuni, "Mzee, hii siyo windo." Nikamwambia najua, ni Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, mpwa wangu aliniwekea kwa sababu ni ya bure. Akasema dawa ni moja tu, kufomati apige windo upya, elfu ishirini. Yaani kila ugonjwa wao ni upasuaji. Nikampa ya nauli, akaondoka na ufutio wake.

Sasa yote hayo ningevumilia, kama isingekuwa ile mbalamwezi.

Unajua mbalamwezi ikitoka dagaa hawavuliwi, hawafuati taa. Basi wavuvi wote wako nchi kavu, na mambo yao yote ya makaratasi waliyoyalimbikiza gizani yanaletwa kwangu. Asubuhi hiyo wakaingia watu sita kwenye fremu inayobeba watatu. Muuzaji wa mtumbwi na shemeji yake. Mnunuzi kutoka Sengerema na mdogo wake. Mjumbe, na muhuri wake kwenye kimfuko cha plastiki. Wa sita mpaka leo sijui alikuwa nani, nadhani alikuja kwa ajili ya feni.

"Mwangaluka," mjumbe akanisalimia Kisukuma. Mwangaluka. Wanataka mkataba. Nikakaa sawa, nikavaa miwani, maana kwenye mikataba mimi huwa nabadilika kidogo, natoa na ile sauti ya mahakamani. Nikaandika kichwa cha habari, nikaandika majina na vitongoji, tukabishana kidogo kuhusu jina la baba wa muuzaji, nikaendelea: Mimi muuzaji nimemuuzia mnunuzi mtumbwi wangu uitwao HAKUNA KULALA, pamoja na mashine yake ya hosipawa 15, kwa bei ya shilingi 4,500,00.

Sifuri ya mwisho ikagoma.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mshale unatembea, saa imesimama, na bei ya mtumbwi imebaki hapo skrini nzima, koma zake mbili, sifuri pungufu. Mnunuzi akasogea, akasoma kwa sauti, akahesabu kwa kidole, akakaa chini taratibu. "Laki nne na nusu," akasema. "Mimi nakubali."

"Laki nne na nusu nini?" muuzaji akauliza.

"Si imeandika? Kompyuta haidanganyi. Mjumbe, wewe ni shahidi, soma."

Mjumbe akasoma. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema kilichoandikwa ni kweli kina upungufu wa sifuri moja ila na koma iko mahali pasipo pake, kwa hiyo kikao kikae. Kikao! Kwenye fremu yangu! Nikawaambia jamani imeganda tu, nipeni dakika moja. Zamani mtu wa Sengerema ungemsubirisha kidogo angekwambia anawahi kivuko, akaondoka mkaongea vizuri siku nyingine. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, mtu anapita muda wowote anaotaka, kwa hiyo hana anachowahi. Anakaa. Mdogo wake akaagiza chai.

Nikampigia mpwa wangu, anasoma chuo, anajua mambo haya. Mtandao mbaya, nikaweka spika ya nje.

"Mjomba shikamoo. Imeganda? Usizime. Bonyeza Caps Lock uangalie kile kitaa kwenye kibodi, kinawaka na kuzima?"

Kabla sijaangalia, mjumbe akajibu, "Kinawaka! Sasa kimezima! Kinawaka!" kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi wa mauaji.

"Huyo nani mjomba?"

"Serikali ya mtaa. Endelea."

Akasema kama kitaa kinaitika basi kompyuta yenyewe haijafa, iko hai huko ndani, kilichokufa ni uso tu. Nibonyeze kontroli, alti na F3 kwa pamoja. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi tii, mkataba ukapotea, theluji ikapotea, yakabaki maneno meupe machache pale juu yanauliza mimi ni nani. Muuzaji akasimama. "Mtumbwi wangu uko wapi?" Nikamwambia mtumbwi wako uko Mwaloni, baba, umefungwa kamba, tulia. Yule wa feni akatoka nje, na nikasikia akiwaambia watu huko kwamba humu kuna mtu anaingia kwenye mifumo ya benki.

Jina nikaandika. Paswedi sasa. Nikawaambia geukeni. Wakageuka wote ukutani isipokuwa mnunuzi. Naandika paswedi, hakitokei kitu. Hata kinyota kimoja. Mnunuzi akanionea huruma, "Huandiki, mzee, haiingii." Nikaongeza nguvu kwenye kibodi. Ikakataa. Mpwa wangu kwenye spika anacheka, "Mjomba inaingia, kule huwa haionyeshi, andika tu uamini." Niandike niamini! Na ile Caps Lock kumbe serikali ya mtaa iliiacha imewaka. Nikazima, nikaandika kwa imani, ikafunguka.

Kisha amri ya kuwasha ule uso upya. Akanitajia sudo, nikaandika. Akanitajia systemctl, hapo mtandao ukakatika katikati ya neno, ikabidi herufi moja moja. "S, mjomba." S ya nini? "S ya sato," mjumbe akanisaidia. "Y." Tukanyamaza wote. Samaki wa Y hatuna. "Ya Yona," shemeji akasema, mtu wa dini huyo. Basi kati ya sato, Yona, sangara na tembo tukafika mwisho, restart, lightdm, nikagonga enta. Skrini ikapepesa. Theluji ikarudi. Makofi! Na mimi nikainuka kidogo kwenye kiti, siyo kwa kujisifu, mgongo tu.

Ila kuwasha uso upya kunafunga kila kilichokuwa wazi. Nikafungua programu ya kuandikia, ikaniambia imenihifadhia nakala. Ahsante Mungu. Nikafungua nakala. Kumbe yenyewe hujihifadhia kila dakika kumi, na dakika kumi zake ziliishia kwenye ule ubishi wa jina la baba. Kuna kichwa cha habari. Kuna muuzaji. Kuna mnunuzi wa Sengerema na kitongoji chake. Bei hamna. Mtumbwi hamna.

Mnunuzi akasoma, akashusha kikombe. "Kumbe bado hatujapatana," akasema.

Wakaanza upya! Mbele yangu! Muuzaji safari hii kakumbuka kwamba nanga haikuwemo, na taa za sola na betri zake ni mali ya shemeji. Shemeji akakubali haraka mno. Mnunuzi akasema bila taa anakwenda kuvua nini, aimbe? Mdogo wake akasema mashine ile aliisikia ikikohoa. Mjumbe anatuliza, anakula chapati, anatuliza. Mimi nimeshika mausi, naandika huku nasevu kila neno, mtumbwi, sevu, wangu, sevu, na tukikaribia tena kwenye bei, naapa, tarakimu ya kwanza tu, saa ikasimama.

Hakuna aliyesema kitu. Mjumbe akanyoosha mkono juu ya meza yangu, akachukua kaunta buku langu la madeni, akachana karatasi nyuma, akaomba kalamu. Wakaandika kwa mkono, milioni nne na laki tatu, nanga ndani, taa nje, wakasaini, shemeji akaweka dole gumba japo anajua kusoma, mjumbe akagonga muhuri. Halafu wakaniomba niwatolee kopi mbili. Kopi mia, mbili mia mbili. Kalamu wameondoka nayo.

Mia mbili! Chai ya yule mdogo mtu imezidi mia mbili! Mimi nalipa umeme, nalipa tona, kodi ya fremu haijawahi kuganda hata siku moja, mwenye nyumba akifika haniambii subiri najiapdeti. Mtu amekaa huko kwenye baridi anaona kazi yangu inakwenda vizuri, anasema hapana, ngoja nimguse. Nilipomuuliza mpwa wangu wanabadilisha nini kila siku, akanieleza kwamba hiki kiini cha mfumo, keneli, kilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na tangu hapo hawajaacha kukishughulikia, kila wiki tisa kumi hivi kinatoka kipya. Tangu 1991! Sisi mfereji wa mtaa huu ulichimbwa mara moja ukasahaulika, wenzetu hawana hata wiki ya kupumzika.

Mwisho mpwa wangu akaja mwenyewe, kanunua sato kwanza, halafu ndiyo kaja. Wala hakufungua boksi. Akawasha, akashikilia Shift mwanzoni kabisa, ikaja orodha, akachagua zile chaguo za ziada, na humo ndani keneli ya zamani bado ilikuwepo, imekaa, haijafutwa. Akachagua hiyo. Ikawaka, tukafungua kila kitu, barua, picha, rhumba, haikuganda. Anasema keneli mpya na kadi yangu ya picha hawaelewani, kadi ni ya zamani na walioitengeneza walishaacha kuitolea draiva, yaani programu ya kuiendesha, kwa hiyo tutakaa na ya zamani kwa sasa. Akazima na ile tabia ya kujiapdeti usiku. Nikamuuliza mbona fundi hakuona hilo, akasema mjomba, fundi aliangalia RAM, hili liko kwenye kumbukumbu za mfumo, lile daftari ambamo kompyuta huandika kila kinachotokea, limeandikwa humo siku zote. Limeandikwa! Na hakuna aliyenisomea.

Tatizo sasa ni yule wa feni. Kawatangazia watu mpaka Pansiansi kwamba mzee wa stesheneri ana skrini nyeusi. Wananiletea simu zilizoingia ziwani. Mama mmoja kaleta brenda. Kijana kaja kunong'ona kama naweza kurudisha akaunti ya mpenzi wake, nikamuuliza kurudisha au kuingia, akaondoka. Na mjumbe leo asubuhi katokea na king'amuzi kimefungwa kwenye khanga, kakiweka juu ya fotokopi, anasema picha imeganda tangu taarifa ya habari ya jana, nikipige zile herufi nyeupe. Nikamwambia mheshimiwa, king'amuzi hakina Caps Lock.

Kasema nijitahidi, atapita saa kumi.