Vitabu vya Msingi vya Elimu za Siri za Magharibi: Tuanze na Vile Vilivyosomwa na Waliofuata

Anayetaka kusoma historia ya elimu za siri za Ulaya, yaani unajimu, alkemia (elimu ya kugeuza madini kuwa dhahabu), falsafa inayonasibishwa na Hermes, mwenye hekima wa Misri anayesimuliwa katika hekaya, Kabala ya Kikristo (Kabala ni elimu ya siri ya Kiyahudi) na vyama vya ibada za faragha vilivyochipuka humo, hakosi vitabu. Anachokosa ni kipimo cha kuvichagulia. Orodha za mapendekezo ni nyingi, na nyingi kati ya hizo hupangwa kwa umaarufu, kiasi kwamba kinachouzwa sana leo ndicho kinachoitwa msingi. Mimi naona kipimo hicho hakifai. Kitabu cha msingi ni kile ambacho waliokuja baadaye walikisoma, wakakinukuu, wakabishana nacho, na mara nyingine wakakinakili bila kumtaja mwenyewe. Tukishika kipimo hicho, orodha ndefu hupungua na kubaki na vitabu vichache, vingine vigumu kweli, lakini msomaji aliyevielewa anaweza kutambua mwenyewe vitabu vingine vimechota wapi.

Mfano unaonisukuma kuandika ni The Kybalion. Kitabu hiki hutajwa mara kwa mara kuwa mlango wa hekima ya Hermes, na wasomaji wengi huamini kwamba kanuni zake saba zilitoka Misri ya kale. Kilichapishwa Chicago mwaka 1908, kwa jina la kubuni, na watafiti wanakihusisha na William Walker Atkinson, mwanasheria wa Marekani aliyeandika vitabu vingi kuhusu nguvu ya fikra. Kanuni hizo saba, kwa mpangilio ule, hazimo katika maandiko ya Hermes yenyewe. Anayependa kukisoma akisome kama kitabu cha Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, na kwa maana hiyo kina mengi ya kufundisha. Akikifanya kuwa msingi, hata hivyo, atajikuta akimsoma Hermes wa kale kwa macho ya Atkinson, na hatauona utofauti uliopo.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni maandiko ya Hermes yenyewe, yanayojulikana kama Corpus Hermeticum. Mnamo mwaka 1460 hivi mtawa mmoja aliuleta Florence mswada wa Kigiriki wenye risala 14, na Cosimo de' Medici, mtawala wa mji huo wa Italia, aliyekuwa mzee na mgonjwa, akamwagiza mwanazuoni wake Marsilio Ficino aweke kando kazi ya kumtafsiri Plato ili amtafsirie Hermes kwanza. Ficino alimaliza mwaka 1463, na Cosimo alifariki mwaka uliofuata. Tafsiri hiyo ya Kilatini ilipigwa chapa mwaka 1471 na kusomwa Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka mia moja. Waliokisoma waliamini kwamba Hermes aliishi zama za Musa, hata kabla yake, na imani hiyo ndiyo iliyokipa kitabu heshima iliyokaribia ya maandiko matakatifu.

Risala ya kwanza, iitwayo Poimandres, inastahili kusomwa polepole, na ningemshauri msomaji airudie kabla ya kwenda mbele. Msimulizi anazama katika tafakuri hadi hisia za mwili wake zinatulia kama za mtu aliyelemewa na usingizi, na hapo anatokewa na kiumbe kikubwa kupita kipimo kinachomuuliza anataka kusikia na kuona nini. Yanafuata maono ya nuru na giza, kisha habari ya mwanadamu wa kwanza aliyependezwa na sura yake mwenyewe aliyoiona katika maji, akashuka kuifuata na kunaswa katika maumbile. Mwishoni roho inapanda kupitia tabaka saba za mbingu, na katika kila tabaka inarudisha uovu iliouchukua huko: katika tabaka la sita inaacha tamaa ya mali, na katika la saba inaacha uongo. Picha hiyo ya kupanda tabaka kwa tabaka utaikuta tena kwa Agrippa, Mjerumani wa karne ya 16 tutakayemfikia, na utaikuta katika madaraja ya vyama vya karne ya 19. Aliyeisoma hapa anaitambua mara moja popote anapoikuta.

Mwaka 1614 Isaac Casaubon, bingwa wa Kigiriki, alichunguza misamiati na mtindo wa maandiko haya, akaonyesha kwamba hayakuandikwa zama za Musa, bali katika karne za kwanza baada ya Kristo. Kuna wanaodhani kwamba ugunduzi huo uliyamaliza. Naona kinyume chake: ulituambia yaliandikwa na nani na katika mazingira gani, yaani watu wa Misri iliyokuwa chini ya Warumi, waliosoma falsafa ya Kigiriki huku wakiishi karibu na mahekalu ya miungu wa kwao. Mwaka 1945 yalipopatikana maandishi ya Kikopti huko Nag Hammadi nchini Misri, yakiwemo ya Hermes, uhusiano huo na Misri ulizidi kudhihirika. Kuhusu tafsiri, nachagua ya Brian Copenhaver ya mwaka 1992, kwa sababu maelezo yake ni ya uangalifu na ameijumuisha Asclepius, risala iliyohifadhiwa kwa Kilatini ambayo Mtakatifu Augustino aliishambulia kwa kuwa inazungumzia sanamu zinazotiwa uhai. Tafsiri ya G.R.S. Mead ya mwaka 1906 inapatikana bure mtandaoni na inafaa kwa asiye na fedha, mradi akumbuke kwamba Mead alikuwa mfuasi wa Theosofia, mafunzo ya siri yaliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, na aliwahi kuwa katibu wa Helena Blavatsky, mmoja wa waanzilishi wake, na athari za mafunzo hayo zinaonekana katika maelezo yake.

Kabla ya kufika kwa Agrippa, msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kujua jambo ambalo orodha nyingi za Wazungu hulipita upesi. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa elimu ya Magharibi ilipitia kwa Waarabu. Ghayat al-Hakim, kitabu cha unajimu na talasimu kilichoandikwa Andalusia katika karne ya 10, kilitafsiriwa kwa Kikastilia mwaka 1256 katika baraza la Mfalme Alfonso wa Kumi, na baadaye kwa Kilatini kwa jina la Picatrix. Ramli nayo ilivuka njia hiyo hiyo katika karne ya 12. Zile nukta zinazochorwa kwa safu nne, kila safu moja au mbili, zikatoa maumbo 16, ndizo zilizoandikwa na wanazuoni wa Ulaya kwa Kilatini na kufundishwa London mwishoni mwa karne ya 19. Anayetoka Pwani, ambako kupiga ramli na kuangalia falaki ni mambo yanayojulikana hata na wanaoyakataa, anaingia katika somo hili akiwa na maarifa ambayo msomaji wa Chicago hana budi kuyatafuta vitabuni.

Agrippa ndiye kiini cha hoja yangu. Heinrich Cornelius Agrippa wa Nettesheim aliandika rasimu ya De occulta philosophia akiwa kijana, akampelekea abate Trithemius mwaka 1510, kisha akaipanua kwa zaidi ya miaka 20 hadi ilipochapishwa kamili Cologne mwaka 1533. Aliigawa kwa malimwengu matatu: kitabu cha kwanza kinahusu dunia ya elementi, mimea, mawe na wanyama, cha pili dunia ya nyota, hesabu na muziki, cha tatu dunia ya malaika, majina ya Mungu na ibada. Hakubuni mengi. Alikusanya kutoka kwa Ficino, kwa Pico della Mirandola na Reuchlin, wanazuoni Wakristo waliosoma Kabala, kwa Plinio Mrumi na kwa Waarabu, akapanga, na huo mpangilio ndio urithi wake. Mtu akitaka kujua kwa nini kitabu cha kisasa kinasema shaba ni ya Zuhura na risasi ni ya Zohali, njia itampeleka kwa Agrippa.

Tuchukue ukurasa mmoja. Katika kitabu cha pili Agrippa anatoa jedwali la namba kwa kila sayari, na la Zohali lina nyumba tisa: 4, 9, 2, kisha 3, 5, 7, kisha 8, 1, 6. Jumla ni 15 kila upande, hata kwa mshazari. Jedwali hilo hilo Waislamu walilijua zamani kabla yake; namba za pembeni, 2, 4, 6 na 8, zikisomwa kwa hesabu ya abjadi zinatoa herufi ambazo wenye kuandika hirizi wamezitumia kwa karne nyingi. Nimeona wasomaji wa kwetu wakishangaa kulikuta katika kitabu cha Mjerumani wa karne ya 16, na mshangao huo una faida, kwa kuwa unamfanya mtu aulize namba zilisafiri vipi, badala ya kuuliza tu kama zina nguvu.

Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1651 ndiyo iliyosomwa na karibu kila Mwingereza aliyefuata. Francis Barrett alipochapisha The Magus mwaka 1801, sehemu kubwa alikuwa amemnakili Agrippa, kwa hiyo anayenunua kitabu cha Barrett analipia maneno ya Agrippa mara ya pili. Donald Tyson aliihariri tafsiri hiyo mwaka 1993 na kuiongezea maelezo mengi. Eric Purdue alitoa tafsiri mpya kutoka Kilatini mwaka 2021, na kwa anayemudu bei hiyo ndiyo ningeichagua. Msomaji asiache kurasa za mwisho, ambamo Agrippa aliambatisha maneno yake mwenyewe ya kukosoa uchawi, aliyokwisha kuyachapisha mwaka 1530 katika kitabu kingine kuhusu ubatili wa elimu zote. Mtu aliyetumia maisha yake kukusanya elimu hii aliiwekea pia mashaka yake ndani ya jalada moja, na orodha zinazomtaja kama mchawi tu zinamdhulumu.

Pembeni ya vitabu hivi pawe na historia moja iliyoandikwa na mtaalamu. Nicholas Goodrick-Clarke, katika The Western Esoteric Traditions ya mwaka 2008, anaeleweka kwa urahisi zaidi na anafuata mfululizo wa karne. Wouter Hanegraaff wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambako kiti cha uprofesa wa somo hili kilianzishwa mwaka 1999, ni mzito zaidi, na kitabu chake cha mwaka 2012 kinaeleza jinsi wasomi wa Ulaya walivyoitupa elimu hii nje ya vyuo na kuigeuza kuwa kapu la yale wasiyotaka kuhusishwa nayo. Wengi hushauri kuanza na Frances Yates na kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu mwanafalsafa Mwitaliano Giordano Bruno. Ni maandishi mazuri mno, lakini madai yake kwamba falsafa ya Hermes iliandaa njia ya sayansi ya kisasa yamepingwa sana, na asiyejua mabishano hayo huyachukua kama ukweli uliokamilika.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kutaka vitabu sahihi. Ujumbe wa simu na matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme huwaahidi watu utajiri wa Freemason kwa kulipa ada ya kujiunga, na waliotapeliwa ni wengi. Wangesoma Fama Fraternitatis, kijitabu kilichochapishwa Kassel mwaka 1614 ambacho ndicho kilichoieneza Ulaya sura ya udugu wa siri, wangekuta kwamba sharti la kwanza la ndugu wale wa Msalaba wa Waridi lilikuwa kutibu wagonjwa bila malipo, na kwamba kijitabu hicho kinalaani uchu wa kutengeneza dhahabu. Ni kurasa chache, na kinasomeka kwa jioni moja.

Jakob Böhme, fundi viatu wa Görlitz, aachwe hadi msomaji awe amezoea lugha ya alkemia. Kabala nayo isisomwe kwa kuanzia na vitabu vya wanajimu. Gershom Scholem, kwa kitabu chake cha mwaka 1941, anaonyesha kwanza ilivyokuwa kwa Wayahudi wenyewe kabla Wakristo hawajaichukua.

Kuhusu taroti, karata zinazotumiwa kubashiri, tarehe mbili zinatosha kumwongoza mtu. Mwandishi Mfaransa Court de Gébelin alitangaza mwaka 1781 kwamba karata hizo ni kitabu cha makuhani wa Misri, na msomi Mfaransa Champollion alifumbua maandishi ya Misri mwaka 1822. Dai la kwanza lilitolewa kabla ya mtu yeyote wa zama hizo kuweza kusoma maandishi ya Wamisri, ilhali karata zenyewe zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo. Éliphas Lévi, mwandishi Mfaransa wa elimu za siri, alilipokea dai hilo, akazihusisha karata kuu 22 na herufi 22 za Kiebrania katika kitabu alichokitoa kati ya mwaka 1854 na 1856, na kwa sababu waliofuata wote walimsoma, Lévi ni wa msingi kwa karne ya 19 hata pale historia yake ilipokosea.

Chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, ndicho kilichounganisha haya yote: ramli, taroti, Kabala, majedwali ya Agrippa na madaraja ya kupanda. Ibada zake alizichapisha Israel Regardie kwa juzuu nne kati ya mwaka 1937 na 1940, na zisomwe sambamba na historia ya Ellic Howe ya mwaka 1972, iliyochambua nyaraka za chama na kuonyesha kwamba barua kutoka kwa mwanamke wa Kijerumani zilizodaiwa kukipa chama mamlaka yake zilighushiwa. Regardie anaonyesha walichokifanya ndani ya ukumbi, na Howe anaonyesha nani alimwandikia nani, na lini. Aleister Crowley, Mwingereza mashuhuri kwa maandishi ya uchawi, aliyejiunga na chama hicho mwaka 1898, asomwe baada ya hao wawili, kwa kuwa maandishi yake yanachukulia kwamba msomaji ameshayajua madaraja na majedwali ya Golden Dawn, na asiyeyajua hudhani kwamba kila anachokikuta humo kilibuniwa na Crowley mwenyewe.