Uvimbe wa milimita nane shingoni: kukatwa au kufuatiliwa?

Ukishaambiwa una saratani, neno linalofuata kichwani ni moja: itolewe. Ndiyo maana pendekezo la Dkt. Akira Miyauchi wa Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, Japani, lilikwenda kinyume na mazoea. Mwaka 1993 alishauri kwamba wenye saratani ya thairoidi, tezi ya homoni iliyo mbele ya shingo, ya aina ya papilari (ile inayopatikana zaidi na ambayo kwa kawaida hukua polepole) isiyozidi sentimita moja wanaweza kuachwa bila kupasuliwa, mradi wapimwe ultrasaundi mara kwa mara.

Ripoti ya hospitali hiyo ya mwaka 2014 ilihusu wagonjwa 1,235. Ndani ya miaka 10, uvimbe uliongezeka milimita 3 au zaidi kwa asilimia 8. Ulienea kwenye mitoki ya shingo kwa asilimia 3.8. Hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo. Waliohitaji upasuaji walifanyiwa baadaye, na kuchelewa hakukuwaponza.

Kisu nacho kina gharama yake. Neva inayoendesha sauti inapita nyuma ya tezi hiyo. Ikiguswa, sauti hukwaruza. Kwa mwalimu, mwadhini au mwimbaji wa taarabu, hilo si jambo dogo hata kidogo. Vitezi vinne vidogo vinavyodhibiti kalsiamu navyo vimejibanza papo hapo. Vikiumia, midomo na ncha za vidole hufa ganzi, na misuli hukakamaa. Tezi ikiondolewa yote, kidonge cha homoni huliwa kila asubuhi, maisha yote.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kila uvimbe mdogo uachwe. Ukiwa umegusa koo la hewa au upo kwenye njia ya neva ya sauti, au mitoki imeshaingiliwa, kusubiri ni kujitia hatarini. Umri nao una neno: takwimu za Kobe zinaonyesha uvimbe wa vijana hukua zaidi kuliko wa wazee. Mama wa miaka 65 ningemshauri afuatiliwe bila kusita. Binti wa miaka 25, ningetaka tuzungumze kwa kirefu. Na yupo mtu asiyepata usingizi akijua kitu hicho bado kimo shingoni. Hofu hiyo isidharauliwe.

Kwetu Afrika Mashariki kuna swali jingine: mgonjwa atarudi kupimwa? Ufuatiliaji ni ultrasaundi kila miezi sita mwanzoni, kisha kila mwaka, kwa mpimaji anayejua kulinganisha milimita za leo na za mwaka jana. Anayekopa nauli ya basi kufika hospitali ya rufaa anaweza kupotea baada ya safari ya pili. Lakini huyo huyo, akiondolewa tezi yote, atahitaji kidonge kisichokosekana na kipimo cha damu cha kurekebisha dozi. Kwake ningeuliza kwanza kama inatosha kuondoa nusu ya tezi, kwa kuwa wengi waliobakiwa na nusu huishi bila kidonge hicho.